Kutumwa na kibarua: watoto wanaotafuta fedha kwa majirani

Barua tatu tulizozipokea mwezi huu zinahusu watoto wanaofanya kazi ndogo ndogo kwa majirani ili wapate fedha zao wenyewe. Moja imeandikwa na mzazi, ya pili na mtoto mwenyewe, na ya tatu na jirani anayelipa. Tumeziweka pamoja kwa sababu zinajibizana.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 11 na yuko darasa la tano. Yeye na wenzake wawili wameamua kutafuta fedha za kununua mpira na jezi za timu yao ya mtaani, na kila Jumamosi hupita kwa majirani kuuliza kama kuna kazi ya kufagia uwanja, kuteka maji, kuosha vyombo au kupeleka taka jalalani. Fedha wanazitia katika kopo la Blue Band walilolitoboa kifuniko, na zilikuwa zimefika shilingi 14,500. Sasa nina mambo matatu yanayonisumbua. Mama mkwe wangu amekasirika. Anasema mtoto aliyelelewa vizuri hamdai jirani fedha kwa kumfagilia uwanja, na kwamba watu watadhani kwetu tunalala na njaa. Pili, jirani mmoja aliyekuwa na arusi aliwapa watoto hawa sufuria na sahani za wageni waoshe tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, kwa ahadi ya shilingi 5,000, lakini walipomaliza aliwapa sinia la pilau na kuwaambia kwamba Mungu atawalipa. Mwanangu alirudi vidole vimekunjamana kwa maji, na ile pilau hakuigusa. Tatu, baba yake alichukua shilingi 6,000 katika lile kopo akanunua umeme, akasema atazirudisha mwisho wa mwezi, na mwezi umekwisha. Je, niwazuie wasiendelee? Na hizo fedha nizidai?

JIBU: Mama, nianze na mama mkwe wako, kwa sababu anachokitetea ni kitu cha kweli na ningesikitika kama watoto wetu wangekipoteza. Katika mitaa yetu mtu mzima husimama mlangoni akamwita mtoto yeyote anayepita, awe wake au wa jirani, akamwambia, “Njoo nikutume.” Mtoto huenda dukani kufuata kiberiti au robo ya sukari, akarudisha chenji, akapewa asante, na mambo yakaishia hapo. Mtoto anayeuliza “Utanipa nini?” huhesabiwa kuwa hana adabu, na mimi pia nililelewa hivyo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimkunia nazi bibi mmoja jirani yetu ambaye mikono yake ilikuwa imeshikwa na baridi yabisi. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna vizio viwili au vitatu, naye akanikatia mkate wa kumimina upande wa pembeni, ule ulioiva mpaka ukawa na rangi ya kahawia, kwa sababu alijua ndio ninaoupenda. Hakuna kati yetu aliyeuona ule mkate kuwa ujira. Siku mama yangu alipolazwa hospitali, bibi huyo ndiye aliyetupikia na kutulaza kwake kwa siku nne bila kuombwa.

Hata hivyo, wanachokifanya mwanao na wenzake si kutumwa. Hawakuitwa wakiwa njiani. Walikwenda wenyewe, wakaeleza wanatafuta fedha za nini, wakakubaliana na mwenye nyumba juu ya kazi ambayo ingechukua saa kadhaa na ambayo, kama wasingekuwapo wao, angelazimika kumwita mtu mzima na kumlipa. Hicho ni kibarua. Kutumwa chumvi kunachukua dakika tano na hakuna mtu duniani anayeajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini kuosha masufuria ya arusi ni kazi ambayo katika mji wako wapo wanawake wanaoifanya kwa malipo kila mwisho wa juma, na malipo hayo ndiyo yanayowalisha. Anayempa mtoto kazi ya namna hiyo kisha akamlipa kwa dua, anauchukua ule utaratibu mzuri wa kutumwa na kuutumia kukwepa gharama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba watoto wafundishwe kuvishika vyote viwili. Wakiitwa na mtu mzima na kutumwa, waende mbio na wasitaje fedha, na hasa kwa wazee na wagonjwa wasikubali malipo hata wakipewa, ila kama mwenyewe ameshikilia. Wakienda kuomba kazi Jumamosi, hilo ni jambo jingine, na watamke wazi tangu mlangoni kwamba wanafanya kibarua ili wanunue mpira. Mwambie mama mkwe wako jambo hili kwa heshima, kisha umwombe yeye ndiye awapeleke watoto kwa majirani anaowaamini na kuwaeleza wanachokitafuta. Bibi akisimama nao mlangoni, hakuna atakayedhani kuna njaa, na nina hakika atawachagulia nyumba vizuri kuliko mimi na wewe. Mtoto anayeomba fedha barabarani na mtoto anayetoa jasho kwa ajili ya fedha hawafanani, na bibi aliyeishi miaka mingi anajua kwamba mkono mtupu haulambwi.

Sasa niseme juu ya sheria, maana usingenisamehe kama ningekupa ushauri na kukuficha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inarudia umri huo huo kwa kazi nyepesi, yaani kazi isiyodhuru afya wala makuzi ya mtoto na isiyomzuia kwenda shule na kufaidika na masomo yake. Mwanao ana miaka 11. Hawezi kuwa mfanyakazi wa mtu yeyote, na jirani anayetaka aje kila siku, kwa saa maalumu, kwa mshahara wa mwezi, anavunja sheria hata kama nyote mmeridhika. Lakini Sheria ya Mtoto hiyo hiyo inaeleza wajibu wa mtoto pia, ukiwamo wajibu wa kuwasaidia wazazi na wakubwa wanapohitaji msaada, na wa kuitumikia jamii yake kwa nguvu na akili zake kulingana na umri na uwezo wake. Kwa maoni yangu, kufagia uwanja wa jirani kwa nusu saa siku ya Jumamosi, kwa hiari ya mtoto na kwa idhini ya mzazi, kunakaa upande wa msaada. Kuosha vyombo vya watu mia kwa saa nne mfululizo hakukai huko, hata kama wangelipwa. Hapo, mama, ulipaswa kuwazuia, na naamini umekwisha kuliona hilo mwenyewe.

Kazi ninayoiogopa zaidi katika orodha yako ni ile inayoonekana nyepesi kuliko zote, nayo ni maji. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Mpandishe mwanao kwenye mizani ya zahanati uone. Watoto wengi wa umri wake huwa na kilo 30 na kitu, kwa hiyo unamtwisha zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe, kichwani, juu ya shingo ambayo bado inakua. Na akilibeba kwa mkono, mtazame. Utaona amelishika kwa mkono mmoja, bega moja limeshuka, kiuno kimepinda, na maji yanamwagikia mguuni kwa sababu hawezi kutembea sawasawa. Wape vidumu vya lita 5, kimoja kila mkono, na wakienda mara nyingi zaidi si hasara. Kisima kisicho na mfuniko wasikikaribie kabisa. Vilevile wasipande mwembe wala mnazi kumwangulia mtu, wasichome taka, wasiguse dawa za kuulia wadudu, wasizibue karo la choo, wasivuke barabara kuu na mzigo. Kwenye taka kuna vigae vya chupa na nyembe. Mtoto asiyevaa viatu asiende jalalani.

Na wakae pamoja, wote watatu, uwanjani au barazani, mahali wanapoonekana na wapita njia. Mtoto asiingie chumbani kwa mtu kufanya kazi peke yake, awe wa kike au wa kiume, hata kwa jirani ambaye mmekula naye futari miaka kumi. Kabla hawajaondoka wakuambie wanakwenda nyumba zipi, na adhana ya adhuhuri iwakute wamekwisha kurudi. Sisemi haya kwa kuwadhania majirani zako ubaya. Nayasema kwa sababu watoto wanaoumizwa na watu wazima mara nyingi huumizwa na watu wanaowafahamu.

Juu ya zile shilingi 5,000, ndiyo, zidai. Usizidai kisimani wala mbele ya watu, na usimtume mtoto. Nenda jioni, wewe na mwanao, baada ya kusalimiana na kuulizia habari za maharusi, umwambie jirani maneno mepesi: “Watoto wanakumbuka uliwaahidi elfu tano, nami nimekuja nao tuyamalize.” Yawezekana ahadi ilitoka asubuhi wakati kichwa chake kilikuwa na mambo mia, akaisahau kweli. Akisema kwamba aliwalipa kwa pilau, mjibu kwa upole kwamba pilau ile ilikuwa ya arusi na kila aliyefika aliila, hata ambaye hakuosha kijiko. Mji wako ni mji wa watu wa dini, na hakuna asiyelijua fundisho la Mtume kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Akikataa kabisa, ondoka bila ugomvi. Wazazi wengine, kwa huruma, hutoa fedha hizo mfukoni mwao wakamwambia mtoto kuwa jirani amelipa. Usifanye hivyo. Mwambie mwanao kwamba jirani hakutimiza ahadi, kwamba yeye hakukosea popote, na kwamba safari nyingine bei itapatanwa kabla ya kazi mbele ya mtu mzima wa upande wake.

Nimeliacha jambo la baba mwisho kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi. Jirani akimdhulumu mtoto, mtoto huja nyumbani kushitaki. Baba akilifungua kopo, hana pa kwenda. Najua umeme ulikuwa umekatika na nyumba nzima iliufaidi, na simhukumu mwanamume anayehangaika kuwaweka watoto wake kwenye mwanga. Lakini lile kopo si la nyumba yenu. Ni la watoto watatu, wawili kati yao wana wazazi wengine, na siku wakilihesabu na kukuta pengo, mwanao ndiye atakayeitwa mwizi na wenzake. Wewe bila shaka unajua kikoba kinavyoendeshwa: hakuna anayechukua bila kuandikwa, wala anayechukua wenzake wasipokuwapo. Wanunulieni watoto daftari dogo, waandike kila shilingi inayoingia na jina la nyumba ilikotoka, na deni la baba liandikwe humo humo. Kama hana 6,000 kwa mara moja, atoe 2,000 kila wiki kwa wiki tatu, na azitie mwenyewe, kwa mkono wake, watoto wakitazama. Dawa ya deni ni kulipa, na mtoto akimwona baba yake akilipa deni la kopo la Blue Band kwa uaminifu, heshima yake kwa baba haitapungua hata kidogo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, nina miaka 14, naishi Mwanza. Jioni nikitoka shule huwa naosha pikipiki za bodaboda wawili wa mtaani kwetu, nami hupata fedha ya madaftari na viatu. Sasa mwenye duka jirani anataka nikae dukani kwake kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, kila siku, na atanilipa shilingi 2,000 kwa siku. Mama amekubali. Ila mwenye duka ameniambia nisimwambie mama kiasi kamili anachonilipa, nimwambie ni 1,000. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuanza. Natambua kwa nini unahitaji fedha: tangu mwaka 2016 ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne imefutwa, lakini viatu, sare na madaftari bado vinamtazama mzazi, nawe unataka kumpunguzia mama mzigo. Hilo ni jema.

Kazi ya dukani, hata hivyo, usiikubali. Kwa umri wako sheria inaruhusu kazi nyepesi, lakini Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kufanyishwa kazi ya usiku, ambayo ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Saa mbili kati ya hizo tatu anazozitaka zimo ndani ya katazo. Zaidi ya hayo, mtu anayekaa peke yake dukani usiku na droo ya fedha ndiye anayefuatwa na wezi, na mwenye duka analijua hilo, ndiyo maana anatafuta wa kumkalia. Na ukitoka kazini saa nne, utasoma saa ngapi? Kidato cha pili kinakusubiri na mtihani wa taifa.

Kilichonishtua zaidi ni ile siri. Mtu mzima akikwambia usimwambie mama yako jambo, liwe fedha, zawadi au ujumbe wa simu, basi hilo ndilo jambo la kumwambia kwanza, leo hii, kabla hajalala. Pengine ni kiburi tu cha mwenye duka. Lakini anayekuzoesha kumficha mama elfu moja leo, kesho atakuwa na jingine la kukuomba umfiche. Msomee mama barua yako na jibu hili. Kama mwenye duka anakuhitaji kweli, mama aende mwenyewe akapatane naye umsaidie Jumamosi mchana kupanga bidhaa na kuhesabu makreti, akiwapo yeye mwenyewe dukani, na malipo yatajwe mbele ya mama. Akianza kukutisha au kukugusa isivyofaa, piga simu namba 116, ni ya bure na ni kwa ajili ya watoto, au mwende na mama kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kuhusu pikipiki, endelea, ila uoshe injini ikiwa imepoa kabisa, na petroli usiitumie kuondoa grisi hata wenyewe wakikuambia ndivyo wanavyofanya.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Morogoro peke yangu. Watoto wa majirani huja Jumamosi kunifagilia majani ya mwembe na kunimwagilia mchicha, nami hufurahi kuwa nao. Sijui niwalipe kiasi gani. Nikitoa kidogo naona nawanyonya, nikitoa kingi wazazi wananiambia nawaharibu.

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Laiti kila mtaa ungekuwa na jirani anayejiuliza swali hili. Njia rahisi ni kuuliza mtu mzima wa mtaani kwako hulipwa kiasi gani kwa kufagia uwanja kama wako, kisha uwape watoto kiasi hicho hicho kwa kazi hiyo hiyo, wakigawana. Bei iwe ya kazi, isiwe ya umri wa anayeifanya. Wakiwa wanne, kila mmoja atapata kidogo, na hapo hakuna mzazi atakayelalamika. Chai na mihogo uwape pia ukipenda, lakini useme wazi kwamba chai ni ya mgeni wako na fedha ni ya kazi, ili wasije wakachanganya. Usimtoze mtoto kwa alichokivunja. Kama ni mdogo sana, wa darasa la kwanza au la pili, acha akusanye majani pamoja na wenzake kwa muda anaoutaka yeye, akichoka akae.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu wazima hatulioni. Watoto wengi wameniandikia kwamba kazi huisha vizuri, kisha mwenye nyumba anatoa noti ya shilingi 10,000, anasema hana chenji, waje kesho. Kesho wanaambiwa keshokutwa, na siku ya tatu wanaona haya kurudi. Ijumaa ukienda dukani, Mwalimu, omba sarafu za 200 na 500, uziweke kwenye kikombe karibu na mlango kabla watoto hawajafika.